Mi Nachagua Zile Picha za Niagara Zilizopigwa Mbele ya Pazia

Kuna ubishi mmoja nikiukuta siwezi kunyamaza, ubishi wa watu wanaokusanya picha za kale za watalii wa Maporomoko ya Niagara, yale yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada. Wengi watakwambia picha ya maana ni ile iliyopigwa pale pale ukingoni, maji ya kweli, mwamba wa kweli, na ile ya studio, watu wamekaa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko, hiyo wanaiona ya hovyo tu, ya kutupia kwenye boksi la vitu vya bei ya chini. Mi sikubaliani nao hata kidogo. Ukiniwekea zote mbili mezani ukaniambia nichukue moja, nachukua ya pazia, na sababu ninazo, ila inabidi tuanze na hizo za "kweli" maana habari zake huwa zinasimuliwa nusu.

Anayesifiwa sana kwa hizo ni jamaa anaitwa Platt D. Babbitt. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 alipata kibali cha kupiga picha peke yake pale Prospect Point, ukingo wa upande wa Marekani ambako watalii wote walikuwa wanakimbilia kwanza wakishafika. Enzi hizo ardhi ya pale ilikuwa mali ya watu binafsi, kwa hiyo mwenye ardhi akikupa kibali umemaliza, mwingine yeyote haruhusiwi. Babbitt akajenga kibanda chake, kamera akaielekeza ukingoni, kazi yake ikawa kusubiri. Wageni wanashuka, wanawake na magauni yao mapana, wanaume na kofia ndefu, wanasogea mpaka mwisho wa mwamba wanaduwaa, na wakiwa wameduwaa hivyo yeye huku nyuma anafungua lenzi. Wengi hawakujua kama wanapigwa picha, walikuja kujua pale wanapoonyeshwa bamba la picha tayari lina migongo yao na maporomoko mbele yao, sasa hapo nani atakataa kununua?

Na biashara aliilinda kwelikweli. Inasimuliwa kwamba mpiga picha mwingine akijaribu kuweka kamera yake maeneo yale, Babbitt na vijana wake walikuwa wanaenda kusimama katikati ya kamera na maji huku wanapunga miavuli mikubwa, mpaka jamaa anakata tamaa anafungasha vyombo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, hilo namvulia kofia. Alianza na dagerotaipu, ile teknolojia iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ambayo unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unalisugua mpaka unajiona, unalipitisha kwenye mvuke wa iodini ili lishike mwanga, unapiga, halafu unalipitisha juu ya zebaki iliyopashwa moto ndo sura inatokea. Hakuna negativu. Hakuna nakala. Bamba lile lile lililokuwa ndani ya kamera pale ukingoni, likapigwa na mwanga ule ule uliotoka kwenye maji, ndilo mtalii anaondoka nalo kwenye kasha lake, na kama kamera haikuwekewa kioo cha kugeuza basi picha nzima imepinduka, kulia kwako ni kushoto kwake. Lenzi ilikuwa inabaki wazi kwa sekunde kadhaa, na maji hayamsubiri mtu, ndo maana kwenye picha hizi zote maporomoko yamekuwa pamba, povu jeupe lisilo na tone hata moja linaloonekana, wakati watu wametoka wakali, unaweza kuhesabu mikunjo ya koti. Nadhani ujanja wa Babbitt ulikuwa hapo. Mtu aliyeduwaa anatulia mwenyewe, huhitaji kumwambia asitikisike.

Mwezi Julai 1853 akapiga picha ambayo mpaka leo ukiitazama moyo unasimama. Kuna mtu anaitwa Joseph Avery, boti yao ilichukuliwa na mkondo juu ya maporomoko, wenzake wawili wakaenda na maji, yeye akanasa kwenye gogo lililokwama kwenye mwamba katikati ya mto. Alikaa pale karibu saa 18, umati umejaa kando, wanajaribu kumtumia maboti na kamba, na mwishowe akasombwa mbele ya macho ya watu wote. Bamba lipo Maktaba ya Bunge ya Marekani. Avery ni kidoa tu cheusi kwenye weupe wa maji, lazima uambiwe ni mtu. Hiyo ni habari, na Babbitt alifanya vizuri kuihifadhi, sina neno.

Ila zile za watalii zinanisumbua.

Ukizitazama moja moja kila moja ni nzuri, ni nzuri sana, lakini zitazame kumi kwa mfululizo uone kama hutapata ninachokipata mimi, yaani migongo, migongo, migongo. Kofia, shali, mwavuli, mtoto ameshikwa mkono. Sura hakuna. Watu wamewekwa pale wasaidie jicho kujua maji ni makubwa kiasi gani, kwa hiyo wamekuwa kipimo, na maelezo ya makumbusho yanaendeleza hayo hayo kwa kuandika "kikundi cha watalii" halafu sentensi tano zote za Babbitt na mbinu zake. Hata majina hatuna. Mtu alitumia pesa yake akasafiri mpaka Niagara, labda ndo safari pekee kubwa ya maisha yake, na kilichobaki duniani ni mgongo wake.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndo zito kuliko yote, na wanaozisifia hizi picha kwa uhalisi wake huwa wanalipita tu. Hatua chache kutoka Prospect Point kulikuwa na hoteli kubwa inaitwa Cataract House, na wahudumu wake wa mezani walikuwa Wamarekani weusi. Matajiri wa majimbo ya kusini walikuwa wanakuja kupumzika pale wakati wa joto na wanakuja na watumwa wao kuwahudumia likizoni, wakati ng'ambo ya mto ni Kanada, himaya ya Uingereza, ambako sheria ya kukomesha utumwa ilianza kufanya kazi mwaka 1834. Wale wahudumu, wakiongozwa na mkuu wao John Morrison, mchana wanapanga sahani mezani na huku kimyakimya wanawavusha watu kwa boti za kivuko zilizokuwa zinaondokea chini ya ngazi, pale pale jirani na Prospect Point. Mwaka 1846 msichana wa miaka 15, Cecelia Jane Reynolds, aliyeletwa kutoka Louisville, mji wa jimbo la Kentucky lililoruhusu utumwa, kumhudumia binti wa bwana wake, aliondoka Cataract House akavuka, akaenda kuishi Toronto akiwa huru. Na mwaka 1850 Marekani ikapitisha sheria kali ya kuwarudisha waliotoroka hata kama wamefika majimbo huru, kwa hiyo ule mto ukazidi kuwa wa maana.

Sasa rudi kwenye picha za Babbitt za miaka ile ya 1850. Wale watu waliopewa migongo wanatazama maji. Ng'ambo ya maji ni Kanada. Kwa mtu mmoja pale ukingoni yale ni mandhari, na kwa mwingine aliyesimama nyuma kidogo ameshika shali ya mama tajiri anayemmiliki ile ni nchi ambayo akiifikia hakuna wa kumuuza. Kamera iko pale pale, mwanga ni ule ule, na hakuna bamba linaloweza kukwambia nani ni nani. Kwa hiyo mtu akiniambia picha ya ukingoni ina ukweli wote namuuliza ukweli upi, wa mwamba?

Basi tuje kwenye pazia.

Kuanzia miaka ya 1860 hivi na kuendelea mji ule ulijaa studio, na sababu ya kuhamia ndani si uvivu kama wanavyosema watu. Teknolojia ilibadilika, ikaja ya kimiminika kinachopakwa kwenye kioo au kwenye bati jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, na hiyo lazima upake, upige na uisafishe kabla haijakauka, una dakika kama kumi tu, chumba cha giza kiwe hatua mbili kutoka ulipo. Ukienda ukingoni manyunyu yanalowesha lenzi, upepo unapuliza magauni, na isitoshe kemikali za wakati ule zilikuwa zinashika haraka sana weupe na samawati, maana yake maji na anga vinaungua kuwa vyeupe pe kabla uso wa mtu haujatokea vizuri. Ukitaka uso, ingia ndani. Ndo wachoraji wakapata kazi ya kuchora Niagara kwenye turubai, ikatengenezwa miamba ya uongo ya kukalia, uzio wa miti, majani makavu, na picha za bati zikawa zinatoka ndani ya dakika chache, bei rahisi, hazivunjiki, unaweza kuitia kwenye bahasha ukamtumia mama yako.

Kuna moja nimeitazama sana kwenye mkusanyiko wa kidijitali, na nitaieleza jinsi ilivyo. Wanawake wawili na mwanamume mmoja. Wote wamevaa yale makoti marefu ya kuzuia maji waliyokuwa wanapewa watalii wanaoshuka chini ya maporomoko, mazito, makubwa kuliko miili yao, kofia zimefunika mpaka masikio. Yaani wamevalishwa kama wametoka kuloweshwa lakini makoti makavu kabisa. Nyuma yao maporomoko yamechorwa kwa brashi, na mchoraji ameyapa maji mistari, kila mstari unashuka wake, kitu ambacho kamera yenyewe isingeweza. Chini pembeni pazia halijafika sakafuni vizuri, unaona zulia. Nyuma ya kiatu cha mwanamume kuna mguu wa chuma, ule wa kile kistendi cha kushikilia kichwa mtu asitikisike. Vifungo vya makoti viko upande usiotarajiwa kwa sababu bati nalo linapindua. Na mashavu ya wanawake wote wawili yamepakwa rangi ya waridi kwa mkono, shavu moja limezidi kidogo.

Lakini wananitazama! Wote watatu. Mwanamke wa kulia midomo ameibana na unajua kabisa sekunde mbili baadaye alicheka, kwa sababu mwenzake tayari pembe ya mdomo imeshaanza kuyumba. Mkono wa mwanamume uko begani kwa mmoja wao na sio kwa mwingine, kwa hiyo hata nani ni wa nani kwenye kundi lile unaweza kuanza kubashiri. Walijua wanapigwa picha, walichagua wavae nini, walichagua wasimameje na nani akae katikati, walilipa wenyewe kwa kupenda. Kila kilichoko nyuma yao ni cha kuchora na wao watatu ni wa kweli kabisa. Mi ndo ninachokitafuta kwenye picha ya ukumbusho, kwa sababu mtalii hakwenda kule kuwathibitishia watu kwamba maji yapo, hilo kila mtu anajua, alikwenda kusema mimi nilifika, mimi na hawa wangu.

Na mfano mkubwa kuliko wote ni Frederick Douglass. Huyu alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka mwaka 1838, akawa mwandishi na mzungumzaji aliyetikisa Marekani nzima, na alikuwa anaamini sana katika picha, alipigwa nyingi mno, wanaofuatilia wanasema zinazojulikana zimefika kama 160, hakuna Mmarekani wa karne ile aliyepigwa kuzidi yeye. Aliamini mtu mweusi akijisimamisha mwenyewe mbele ya kamera, amevaa vizuri, anatazama anavyotaka yeye, zile katuni za dharau zinakosa nguvu. Januari 1884 akamuoa Helen Pitts, mwanamke mzungu, na ndoa ile ilichukiwa na wazungu na weusi pia, hata ndani ya familia zao wote wawili kulikuwa na waliokasirika. Mwaka ule ule wakaenda fungate wakapitia Niagara. Wakapiga picha ya ukumbusho, wawili pamoja, maporomoko nyuma yao, kama maharusi wengine wote waliokuwa wanamiminika kule miaka ile. Picha ipo mpaka leo. Sasa hebu iweke karibu na bamba lolote la Babbitt. Mtu aliyetoroka utumwa, yuko na mke aliyemchagua mwenyewe, pale pale ambapo miaka 40 kabla watu wenzake walikuwa wanavushwa kwa kujificha, na sura yake inaonekana. Kwa picha kama hiyo nani ana muda wa kuuliza maji yametokaje?

Najua hoja ya upande wa pili na naiheshimu, kwamba zile studio zilikuwa sehemu ya mtandao wa kuwakamua wageni, na ni kweli mji ule ulikuwa na sifa mbaya. Upande wa Kanada kulikuwa na jengo la Table Rock House la Saul Davis, mgeni anavalishwa koti la mvua kwa maneno matamu kana kwamba ni bure, anashushwa chini, akirudi juu anadaiwa pesa nyingi na wanaume wamesimama mlangoni, na watu wa magari ya farasi nao walikuwa wanapata chao kwa kumpeleka pale. Kulikuwa na vitisho, kulikuwa na kesi. Kelele zilizidi mpaka jimbo la New York likanunua ardhi ya upande wake na mwaka 1885 likafungua hifadhi ya umma, Kanada nao wakafungua bustani ya Queen Victoria mwaka 1888, vibanda vikabomolewa. Mi nafurahi vilibomolewa. Ila tapeli wa mlangoni ni jambo moja na wale watatu kwenye bati ni jambo jingine, huwezi kuwahukumu wao kwa dhambi za aliyewauzia.

Mwaka huo huo wa 1888 George Eastman, mtu wa Rochester, mji ulio jimbo hilo hilo la New York, akaanza kuuza kamera ya Kodak, ndani ina filamu ya picha 100, na 1900 ikaja Brownie ya dola moja, watalii wakaanza kujipiga wenyewe, na hapo mambo yanakuwa mengine kabisa, siyagusi leo.

Kuna kitu kingine kinachonifanya nisikubali hili neno "ya kweli" litumike kiholela. Ule mwamba wa Prospect Point waliosimama wateja wa Babbitt, sehemu yake kubwa haipo, Julai 1954 ulikatika ukaporomokea korongoni. Table Rock, mwamba wa ukingoni upande wa Kanada, nayo ilishaanguka sehemu kubwa mwaka 1850. Na maji yenyewe siku hizi sio yale, maana Marekani na Kanada walitia saini mkataba mwaka 1950 wa kuyachepusha kuzalisha umeme, mchana wa msimu wa watalii yanaachwa futi za ujazo 100,000 kwa sekunde, usiku na wakati wa baridi yanaweza kushushwa mpaka 50,000. Kwa hiyo hata mandhari ambayo wakusanyaji wanaona ndo kitu cha kudumu kwenye picha imebadilika, mwamba umesogea, mto umepunguzwa. Wanajiolojia wanazihitaji zile picha za ukingoni na wana haki, zinaonyesha ukingo ulikuwa wapi mwaka gani, hiyo ni kazi ya maana. Mi nazungumzia sisi wengine tunaotazama watu.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi zinavyouzwa leo. Albamu ya familia inapatikana kwenye nyumba ya marehemu, muuzaji anaifumua, picha ya Niagara ya ukingoni inaenda peke yake kwa bei nzuri, za bati zinamwagwa kwa mafungu, na zile karatasi zilizokuwa zimeshikilia bati, zile ambazo mtu aliandika kwa penseli "mimi na dada, Niagara" na mwaka, zinatupwa kwa sababu zimechakaa. Ukishaitupa ile karatasi umewafuta. Na kasha la dagerotaipu vilevile, watu wanang'oa bamba ili wauze kasha mbali, halafu wanafuta vumbi kwa kitambaa, jamani, ule uso wa fedha ukiguswa umekwisha, picha inaondoka na kitambaa, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoziuza na kwa makumbusho yanayozipandisha mtandaoni ni dogo tu na halihitaji bajeti. Pigeni na upande wa nyuma. Pigeni karatasi, bahasha, ndani ya kasha, muhuri wa studio kama upo, hata mwandiko usiosomeka, uwekeni tu, kuna mtu mahali ana herufi kama hizo kwenye barua za bibi yake. Na kwenye maelezo, kabla hamjaandika "watalii wasiojulikana", andikeni mnachokiona: wanawake wawili, mwanamume mmoja, mkono uko bega la kushoto, mmoja karibu acheke.